Mtihani wa Kura

Hotuba kwa walimu wa historia na uraia na wanafunzi wao, mkoani Kilimanjaro. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu walimu wenzangu, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimeombwa niseme juu ya ubaguzi wa rangi Marekani na harakati za haki za kiraia. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne ukimwuliza habari hizo atakutajia majina mawili: Rosa Parks aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery mwaka 1955, na Dkt. Martin Luther King aliyehutubia Washington mwaka 1963. Amejibu vema, apewe alama zake. Lakini kati ya kiti kile cha basi na jukwaa lile la Washington kuna watu ambao vitabu vyetu haviwataji, na wengi wao walikuwa watu wa kazi yetu hii. Walimu wa shule ya msingi. Walimu wa hesabu. Msusi aliyegeuzwa mwalimu bila kuombwa mara mbili. Leo nitawasemea hao.

Nina swali. Januari 1957, katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, lilifunguliwa darasa la watu wazima. Wanafunzi 14. Tungesema ni ngumbaru, kisomo kile ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Mbele ya jengo lile palikuwa na duka la ushirika. Darasa likawekwa chumba cha nyuma, ili mzungu anayepita barabarani aone sukari na sabuni basi. Kwa nini darasa la kusoma na kuandika lifichwe? Nani anamwogopa bibi anayejifunza kushika kalamu?

Kulijibu swali hilo inabidi turudi mbali. Mwaka 1739, South Carolina ikiwa bado koloni la Waingereza, watumwa waliasi karibu na mto Stono. Mwaka uliofuata, 1740, ikatungwa sheria: atakayemfundisha mtumwa kuandika atatozwa faini ya pauni 100. Faini ile ilikuwa ya nani, wanafunzi? Ilikuwa ya mwalimu. Mabwana walikuwa wameshaelewa kwamba mtumwa anayejua kuandika anaweza kujiandikia kibali cha kutoka shambani, anaweza kumpelekea mwenzake ujumbe, na ujumbe ukishasafiri hujui utarudi na nini.

Katika jimbo hilohilo, mjini Beaufort, mwaka 1839 alizaliwa mtoto wa mtumwa akaitwa Robert Smalls. Mkumbuke jina hili. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya Kusini yaliyong'ang'ania utumwa na yale ya Kaskazini vikiwa vimepamba moto, nahodha mzungu wa meli iitwayo Planter na maofisa wake walishuka kulala mjini Charleston. Smalls alikuwa mshika usukani wa meli hiyo. Akavaa kofia ya nahodha, akang'oa nanga na watumwa wenzake, akapitia gati jingine kuchukua mke na watoto wake na familia za wenzake, kisha akaipitisha meli mbele ya mizinga ya ngome ya Sumter huku akipiga honi kwa ishara zilezile za nahodha. Walinzi wakamwachia. Alipofika mahali ambapo mizinga haimpati, wakashusha bendera ya Kusini, wakapandisha shuka jeupe, na meli ikakabidhiwa kwa jeshi la Kaskazini pamoja na silaha zake. Mtu aliyefanya hayo, kusoma alikuja kujifunza baadaye, Philadelphia, kwa kujilipia mwalimu.

Vita vikaisha 1865, utumwa ukapigwa marufuku. Mwaka 1868 South Carolina iliandika katiba mpya, na wengi wa wajumbe wa mkutano ule walikuwa weusi. Smalls alikuwa mmoja wao. Na alichokipigania pale ni shule: shule za umma, za bure, zilizo wazi kwa watoto wote wa jimbo. Zikaingia katika katiba. Miaka miwili baadaye, 1870, Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani yakakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Smalls akachaguliwa Kongresi, yaani bunge la Marekani, akahudumu mihula mitano.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1895 jimbo likaitisha mkutano mwingine wa katiba. Safari hii wajumbe weusi walikuwa 6, na Smalls alikuwamo. Waliouitisha hawakuficha nia: weusi watolewe kwenye daftari la wapiga kura. Lakini Marekebisho ya 15 yalikuwa bado yapo, kwa hiyo kuandika waziwazi kwamba mtu mweusi asipige kura kusingewezekana. Wakafanyaje? Wakatunga mtihani. Anayetaka kura asome na kuandika kifungu cha katiba atakachopewa na karani, ama awe na mali yenye thamani ya dola 300 inayolipiwa kodi. Karani ni mzungu. Anayechagua kifungu ni karani. Anayesahihisha ni karani.

Smalls alisimama akawaambia kwamba watu wake hawahitaji utetezi wowote wa pekee. Historia yao katika nchi ile inatosha kuonyesha kuwa wako sawa na watu wengine popote duniani, na wanachodai ni nafasi iliyo sawa tu. Katiba ikapita. Akakataa kuitia sahihi.

Walimu, naomba tukae hapo kidogo. Mtu mmoja, katika umri wake mmoja, aliketi kwenye mkutano uliowapa watoto shule, na akaketi kwenye mkutano uliofanya kusoma kuwe kizuizi. Darasani tunapenda kuchora mstari unaopanda: utumwa, kisha uhuru, kisha haki. Mstari huo haukuwepo. Haki ilipatikana, watu wakaitumia, wakachagua na kuchaguliwa, halafu ikaporwa. Iliporwa kwa kalamu, mchana kweupe, na mawakili waliosoma vizuri.

Louisiana ilifanya vivyo hivyo mwaka 1898. Mwaka 1896 wapiga kura weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa 130,334. Mwaka 1900 walibaki 5,320. Na wazungu wasiojua kusoma, maana walikuwa wengi, je? Wakatungiwa mlango wao: mtu ambaye yeye mwenyewe, au baba yake, au babu yake, alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867, huyo asifanye mtihani. Weusi wa Louisiana walipata kura baada ya tarehe hiyo. Mmeiona hesabu? Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kukifuta kifungu cha namna hiyo mwaka 1915, lakini mitihani ikabaki. Ikabaki pia kodi ya kupigia kura, na yakabaki makundi ya watu yaliyonyonga weusi bila kesi na bila kuulizwa na mtu.

Mississippi ndiyo iliyokuwa imetangulia, mwaka 1890. Katiba yake ina vifungu 285. Karani anafungua anapotaka, anakwambia nakili kifungu hiki, kisha eleza maana yake kwa namna itakayomridhisha yeye. Mwalimu mwenzangu, umewahi kuona mtihani usio na mwongozo wa usahihishaji? Maprofesa weusi waliufeli mtihani ule. Wazungu waliomaliza darasa la tatu waliufaulu.

Kwa hiyo, wanafunzi, swali letu limejibiwa. Bibi anayejifunza kushika kalamu aliogopwa kwa sababu kalamu ndiyo iliyokuwa kufuli.

Nije sasa kwa mwalimu mwenyewe. Septima Poinsette Clark alizaliwa Charleston mwaka 1898. Baba yake alizaliwa utumwani. Mwaka 1916, akiwa na miaka 18, alikwenda kufundisha kisiwani Johns, kwa kuwa shule za umma za mji wa Charleston hazikuajiri mwalimu mweusi hata mmoja. Yeye na mwenzake walipewa wanafunzi 132. Shule ya wazungu ya jirani ilikuwa na wanafunzi 3, na mshahara wa mwalimu wake ulizidi mishahara ya hao wawili ukiijumlisha. Naziona nyuso zenu. Wapo humu wanaojua darasa la watoto mia na ushei lilivyo, sauti inavyokauka kabla ya saa nne.

Septima hakulia akanyamaza. Alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi, na mwaka 1920 Charleston ikaanza kuajiri walimu weusi. Mwaka 1945 alisaidia kesi iliyowapatia walimu weusi wa mji wa Columbia mshahara sawa na wa wazungu. Wakili alikuwa Thurgood Marshall, yuleyule ambaye mwaka 1960 alialikwa na wajumbe wa Kenya London kuwasaidia kuandika vifungu vya haki za raia katika katiba yao.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brown, iliamua kwamba kutenga shule za umma kwa rangi ni kinyume cha Katiba. South Carolina ikalipiza. Mwaka 1956 ilipitisha sheria kwamba mtumishi wa umma asiwe mwanachama wa NAACP, chama kilichoendesha kesi hiyo. Walimu wengi wakaficha kadi zao. Septima akaandika kwa mkono wake kwamba yeye ni mwanachama. Akafukuzwa. Miaka 58 ya umri, miaka 40 ya chaki, na pensheni akanyimwa.

Aliwaandikia barua walimu weusi zaidi ya 700 awaombe waipinge sheria ile pamoja. Siku ya kwenda kumwona mkuu wa elimu, waliofika walikuwa 5. Watano! Mimi nafikiri ningewalaumu mpaka kaburini. Yeye alisema baadaye kwamba kosa lilikuwa lake: aliwasukuma kwenye jambo ambalo hakuwa amewaandaa. Nawaomba muishike idadi hiyo ya walimu watano, nitairudia.

Alipokosa kazi alichukuliwa na kituo cha mafunzo cha Highlander, kule Tennessee, mojawapo ya sehemu chache sana za Kusini ambapo weusi na wazungu walikaa meza moja. Hata kabla ya kufukuzwa alikuwa akiendesha warsha pale: Rosa Parks alihudhuria warsha yake majira ya joto ya 1955, miezi michache kabla ya tukio la basi. Na mwanafunzi mwingine wa Highlander alikuwa Esau Jenkins wa kisiwani Johns, mwenye basi lililobeba wafanyakazi kila asubuhi kwenda Charleston. Abiria mmoja, mama Alice Wine, alimwambia anataka kupiga kura ila hajui kusoma. Jenkins akaanza kuwafundisha abiria wake katiba ya jimbo humo humo ndani ya basi. Mama Wine akakikariri kifungu chote kwa moyo, akakisema mbele ya karani, akaandikishwa. Lakini alitaka kusoma kweli. Ndipo likaja wazo la darasa, na lile duka.

Mwalimu wa kwanza wa darasa lile alikuwa Bernice Robinson, binamu yake Septima, msusi mwenye saluni. Alikataa: mimi si mwalimu. Septima na wenzake wakamwambia ndiyo maana tunakutaka, maana hutawadharau. Usiku wa kwanza alikuja na vitabu vya watoto wa darasa la kwanza. Akavitazama, akawatazama watu wazima waliokuwa mbele yake, akaviweka kando. Akawauliza: mnataka kujifunza nini? Mmoja alitaka kuandika jina lake badala ya kuweka alama ya msalaba. Mwingine alitaka kusoma barua ya mwanawe. Mwingine kujaza fomu ya hundi ya posta. Basi hivyo ndivyo vikawa vitabu vyao, pamoja na katiba ya South Carolina. Ukutani akabandika Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu, akawaambia kabla hatujafunga darasa hili nataka kila mmoja aweze kulisoma.

Madarasa hayo yakaitwa Shule za Uraia. Kuanzia 1961 yaliingia chini ya shirika la Dkt. King, Septima akasimamia mafunzo ya walimu, na yakaenea Kusini nzima kwa mamia: jikoni, kanisani, saluni, chini ya mti.

Mmoja aliyekuja kuwa mwalimu wa shule hizo ni Fannie Lou Hamer wa Ruleville, Mississippi. Mtoto wa ishirini wa wazazi waliolima pamba katika ardhi ya mtu kwa kugawana naye mavuno, wakabaki na madeni. Kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwaka 1962, akiwa na miaka 44, hakuwa anajua kwamba mtu mweusi ana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 Agosti mwaka huo watu 18 walipanda basi kwenda Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu kinachohusu sheria zinazorudi nyuma kuadhibu yaliyokwisha kutendwa. Akashindwa. Walipokuwa wakirudi polisi wakalisimamisha basi, wakamtoza dereva faini kwa kuwa basi lake lina rangi isiyofaa. Jioni mwenye shamba akamwambia: kafute jina lako au uhame. Miaka 18 alikuwa amemfanyia kazi. Akahama usiku uleule.

Aliufaulu mtihani Januari 1963. Juni mwaka huohuo, akirudi na wenzake kutoka mafunzo ya Shule za Uraia kule Charleston, walikamatwa mji wa Winona. Mwalimu wao, Annell Ponder, aliamriwa aseme "ndiyo, bwana". Akakataa. Akapigwa, na Hamer kwenye seli yake akamsikia akiomba Mungu awahurumie wanaompiga. Kisha ikawa zamu ya Hamer, na kipigo kile kilimwachia ulemavu hadi kufa. Tarehe 22 Agosti 1964 aliyasimulia hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic, Atlantic City, televisheni zikirusha. Rais Johnson akaitisha haraka mkutano na waandishi ili kamera zimwache mama yule. Haikusaidia, usiku vituo vikamrudia, nchi nzima ikamsikia.

Niseme pia juu ya mwalimu mmoja wa hesabu. Robert Moses, wengi walimwita Bob, alizaliwa Harlem, alifundisha shule ya sekondari New York, akaenda Mississippi mwaka 1961 kuandikisha wapiga kura. Alipasuliwa kichwa mchana, karibu na mahakama ya mji unaoitwa Liberty, na bado akaendelea kuwasindikiza watu kwa karani. Septemba mwaka huo mkulima Herbert Lee, baba wa watoto tisa aliyekuwa akimsaidia, alipigwa risasi na mbunge wa jimbo. Mbunge akaachiwa. Louis Allen, shahidi mweusi aliyekuwa tayari kusema ukweli, aliuawa Januari 1964.

Sasa narudi kwa wale walimu watano. Selma, Alabama, mwanzo wa 1965. Kaunti ya Dallas ilikuwa na weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura, na walioandikishwa walikuwa kama 300. Hata walimu wenye digrii hawakuwemo. Mwalimu Frederick Reese, kiongozi wa chama cha walimu weusi, aliwauliza wenzake: mnafundishaje uraia wakati ninyi wenyewe hamna kura? Tarehe 22 Januari, baada ya kengele ya mwisho, walimu zaidi ya 100 waliandamana hadi mahakamani. Walivaa nguo za kanisani. Walibeba miswaki, maana walijua wanaweza kulala jela. Mwajiri wao alikuwa halmashauri ya wazungu, na kila mmoja alijua yaliyompata mtu kama Septima. Sherifu Jim Clark na askari wake wakawasukuma ngazini kwa virungu. Wakajipanga, wakapanda tena.

Watano mwaka 1956. Zaidi ya mia moja mwaka 1965. Waliporudi kanisani wanafunzi wao walikuwa wanawangoja, wakishangilia na kulia, maana hawakuwahi kuwaona walimu wao hivyo.

Yaliyofuata mnayajua: daraja la Edmund Pettus palepale Selma tarehe 7 Machi, polisi wakiwavamia waandamanaji kwa virungu na mabomu ya machozi, kisha maandamano mpaka Montgomery, na tarehe 6 Agosti 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria ile ilisimamisha mitihani, ikapeleka waandikishaji wa serikali kuu, na ikayalazimu majimbo yenye rekodi mbaya yaombe kibali Washington kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi. Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7 kabla ya sheria. Mwaka 1967 walikuwa asilimia 59.8. Miaka miwili tu! Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba watu wale hawakupenda kura.

Sharti lile la kibali lilidumu karibu miaka 50. Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, Mahakama ya Juu ililiondolea nguvu kwa majaji 5 dhidi ya 4. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya mpiga kura, ambayo ilikuwa imezuiwa. Nilipofundisha habari za mwaka 1895 mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hayo yanaweza kutokea tena. Nilimpa tarehe hiyo akaandike.

Na Bob Moses? Mwaka 1969, akikimbia kupelekwa vita vya Vietnam, alifika Tanzania na mkewe Janet. Akafundisha hesabu. Wapi? Hapa kwetu, Same, mpaka katikati ya miaka ya 1970. Aliporudi Marekani alianzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini, akisema kwamba zama hizi mtoto asiyejua hesabu anafungiwa nje kama alivyofungiwa mkulima wa Mississippi asiyejua kusoma. Alifariki Julai 2021.

Waliokaa mbele yake darasani leo ni wazee wa miaka sitini na kitu, sabini. Wengine ni babu zenu na bibi zenu, ninyi mliosimama kule nyuma. Ombi langu kwa walimu wa historia wa wilaya ya Same ni hili: kabla muhula huu haujaisha, wapeni wanafunzi kazi ya kuwatafuta. Waende na daftari, waende na simu ya kurekodi, wawaulize alivyofundisha, alivyoadhibu au kutoadhibu, kama aliwahi kuwasimulia habari za Mississippi. Majina ya wazee waandikwe pamoja na mwaka waliosoma, na nakala ibaki maktaba ya shule. Mkishaanza niiteni, nitakuja kusaidia kunakili.

Ahsanteni sana. Tuendelee na maswali.